Kamera ya Joto Katika Ukaguzi wa Nyumba: Nyumba Moja, Wakaguzi Wawili

Nyumba niliyokusudia kuinunua ilikaguliwa mara mbili kwa kamera ya joto, na taarifa mbili zilizotokana na kazi hiyo hazikupatana hata katika jambo moja la maana. Mkaguzi wa kwanza aliandika kwamba kuna unyevu katika sehemu saba. Wa pili, aliyekuja siku nne baadaye, alikuta unyevu katika sehemu moja tu, tena sehemu ambayo mwenzake alipita chini yake bila kuinua macho, na juu ya hilo akagundua kiungo cha umeme kilichokuwa kikipata moto kupita kiasi. Nyumba ilikuwa ile ile, mvua haikunyesha katika siku hizo nne, na kamera zenyewe zilikuwa za daraja moja, kila moja ikiwa na pikseli 320 kwa 240. Majina ya kampuni zao siyataji, kwa kuwa ninachokitathmini hapa ni huduma yenyewe: kile ambacho mtu anapaswa kukipata anapolipia ukaguzi wa aina hii, na namna ya kutambua mapema kwamba hatakipata.

Nianze na dai lililomo katika matangazo ya wengi, kwamba kamera hii huona ndani ya ukuta. Haioni. Kila kitu hutoa miale ya infraredi kulingana na joto lake; William Herschel aliigundua miale hiyo mwaka 1800 alipoweka vipimajoto kwenye mwanga wa jua uliotawanywa na mche wa kioo, akakuta joto likizidi pale nje ya rangi nyekundu ambapo jicho halioni kitu. Kamera za wakaguzi wa nyumba hupokea miale yenye urefu wa wimbi wa takriban mikromita 8 hadi 14, na miale hiyo hutoka kwenye uso wa kitu: rangi ya ukuta, plasta, kigae. Bomba lililojificha nyuma ya plasta litajitokeza iwapo tu limeupasha au kuupoza uso ulio mbele yake. Picha ni ramani ya joto la uso, basi, na kazi ya mkaguzi ni kueleza kwa nini ramani imekuwa hivyo.

Uso nao husema mengi. Mwaka 1992 maofisa wa serikali nchini Marekani walielekeza kamera ya joto kwenye nyumba moja ya jimbo la Oregon wakiwa nje barabarani, wakaona paa la gereji na ukuta mmoja vina joto kuliko sehemu nyingine, wakashuku kwamba ndani zimewashwa taa kali za kukuzia bangi, na ndivyo ilivyokuwa. Kesi hiyo, inayojulikana kama kesi ya Kyllo, ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 2001 iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba kufanya hivyo bila hati ya mahakama ni upekuzi. Serikali ilijitetea kwamba kamera ilipokea joto la nje ya ukuta tu. Kitaalamu utetezi huo ulikuwa sahihi, na bado majaji walio wengi waliona kwamba nyumba inaweza kutoa siri zake kupitia ngozi yake.

Mkaguzi wa kwanza alifika saa 8 mchana, jua likiwa limeupiga ukuta wa magharibi kwa muda mrefu. Nyumba ilikuwa ikipashwa joto kwa kuwa ulikuwa msimu wa baridi, lakini mchana huo tofauti kati ya ndani na nje ilikuwa ndogo mno, nyuzi joto 4 au 5 za Selsiasi. Alizunguka vyumba vyote kwa dakika 20. Kila kona alipoelekeza kamera palionekana rangi, buluu hapa, chungwa pale, na kila buluu kwake ilikuwa maji. Nilisimama nyuma ya bega lake nikasoma kipimo kilicho pembeni ya kioo cha kamera: rangi ya chini kabisa ilikuwa nyuzi 20.4 na ya juu kabisa nyuzi 21.7. Kamera ikiachwa ijipangie kipimo yenyewe huchukua tofauti yoyote iliyopo mbele yake, hata ikiwa ya nyuzi moja na ushee, na kuitandaza kwenye rangi zote ilizo nazo, hivyo ukuta usio na kasoro yoyote ukaonekana kama ramani ya bahari na visiwa vyake. Anayeijua kamera yake huufunga upeo huo kwa mkono, akauacha ule ule kutoka chumba hadi chumba, ili buluu ya sebuleni iwe na maana sawa na buluu ya jikoni.

Nilimuuliza kama hana kifaa cha kupima unyevu wenyewe. "Ndugu yangu, kamera inatosha," akanijibu, "hii haidanganyi." Ni kweli kwamba kamera haidanganyi, kwa sababu haisemi kitu kuhusu maji. Maji hupoza uso yanapokauka polepole, ndiyo, lakini uso hupoa pia kwa sababu upepo umepita kwenye ufa, kwa sababu nyuma ya plasta kuna nguzo ya chuma inayopitisha joto kwenda nje, au kwa sababu kihami joto, yaani tabaka linalozuia joto kupita, kimepungua sehemu hiyo. Kati ya madoa yake saba, moja lilikuwa kwenye kona iliyofunikwa na pazia zito mpaka dakika chache kabla ya kufika kwake, nayo ilikuwa baridi kwa kuwa joto la chumba halikuwa likiifikia. La pili lilikuwa nyuma ya kabati aliloliomba lisogezwe papo hapo, na sababu yake ni hiyo hiyo. La tatu ndilo lililoniondolea imani yote: kwenye vigae vinavyong'aa vya jikoni palitokea doa jekundu lenye doa la buluu pembeni, akalipiga picha, naye alipopiga hatua kushoto doa jekundu likapiga hatua pamoja naye. Alikuwa akijipiga picha mwenyewe.

Suala hilo la vitu vinavyong'aa linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo namba huharibika bila mtu kujua. Vitu havitoi miale kwa kiwango kimoja hata vikiwa na joto sawa. Plasta, mbao, rangi ya ukuta na ngozi ya binadamu hutoa karibu yote inayowezekana, asilimia 90 na zaidi, ilhali shaba au alumini iliyosuguliwa hutoa sehemu ndogo sana na kuakisi joto la vitu vilivyo jirani, kama kioo cha kujitazamia. Mkaguzi wa kwanza alielekeza kamera kwenye bomba la shaba la maji ya moto akaandika nyuzi 29, kisha akahitimisha kwamba mtambo wa kuchemsha maji haufanyi kazi ipasavyo. Mimi nililigusa bomba hilo nikaondoa mkono haraka. Siku nne baadaye mkaguzi wa pili alifika mbele ya bomba lile lile, akatoa tepu nyeusi ya mafundi umeme mfukoni, akabandika kipande chenye urefu wa kidole, akasubiri kidogo tepu ipate joto la bomba, akapiga picha. Kwenye kioo bomba lilikuwa jeusi, na katikati yake mstatili mdogo mweupe ukisoma nyuzi 58.

Huyu wa pili alianza kazi kabla hajafika. Siku mbili kabla alinitumia maelekezo ya ukurasa mmoja: fanicha zisogezwe kutoka kwenye kuta za nje tangu usiku uliotangulia, mapazia yafunguliwe, nyumba ipashwe joto mfululizo usiku kucha ili tofauti kati ya ndani na nje isipungue nyuzi 10 kwa saa kadhaa, na yeyote asioge asubuhi mpaka yeye atakapoomba. Aliongeza kwamba upepo ukiwa mkali ataahirisha. Saa 11 alfajiri alikuwa mlangoni, jua likiwa halijagusa ukuta wowote, kwa sababu ukuta wa tofali au zege hubeba joto la jua kwa saa nyingi na kuficha kila kitu kilicho ndani yake. Iwapo nitaulizwa ni dalili gani moja inayomtambulisha mkaguzi anayejua kazi, nitaitaja karatasi ile ya maelekezo. Mkaguzi asiyeuliza chochote kuhusu hali ya nyumba kabla ya kuja hana namna ya kujua picha zake zitakuwa na maana gani.

Alipita mara ya kwanza nyumba ikiwa imetulia, kisha akaomba maji ya moto yafunguliwe kwenye bafu la juu kwa dakika 20. Tukasimama sebuleni chini ya bafu hilo, kamera ikiwa juu ya kigoda chake cha miguu mitatu, upeo wa rangi umefungwa. Dakika za mwanzo dari ilikuwa ya rangi moja, ikionyesha tu mistari myembamba iliyonyooka ambapo boriti zinaegemea bodi za jipsamu. Kisha karibu na boriti ya tatu pakatokea kivuli chepesi chenye joto, kidogo kama sarafu, kikaanza kutambaa kufuata boriti kuelekea ukutani, kingo zake zikiwa zimechanika-chanika kama wino uliodondokea karatasi ya shashi. Alininong'oneza, kana kwamba dari ingesikia, kwamba hizo kingo ndizo za kutazama: nguzo na boriti huchora mistari iliyonyooka, kihami joto kilichokosekana huacha umbo la mstatili kama bodi yenyewe, hewa inayovuja huchora vidole au manyoya yanayoanzia kwenye ufa, na maji hutawanyika bila adabu.

Hakuandika kitu mpaka alipopanda ngazi, akatoa taa ya dari iliyo jirani, na kupitia tundu lake akachoma sindano mbili za kipima unyevu kwenye boriti. Boriti ya mbali ilisoma asilimia 11. Ile ya tatu ilisoma asilimia 27, wakati mbao kavu ndani ya nyumba kwa kawaida haizidi 20. Chanzo kilikuwa mpira uliochakaa pale beseni la kuogea linapoungana na bomba la majitaka, kwa hiyo uvujaji ulikuwepo tu wakati mtu anaoga. Mkaguzi wa kwanza, hata angekuwa makini kiasi gani, asingeuona saa 8 mchana katika nyumba ambayo hakuna aliyeoga tangu jana yake. Kosa lake halikuwa kutouona. Kosa lake lilikuwa kutoufikiria, kwani kamera huonyesha kinachotokea kwa wakati huo na haina habari ya yaliyotokea juzi.

Kwa umeme alifuata mantiki hiyo hiyo. Kiungo kilicholegea hupata joto umeme unapopita kwa wingi, na nyumba ikiwa imelala hakuna kinachopita. Mwongozo unaofuatwa na wengi hutaka saketi iwe imebeba walau asilimia 40 ya uwezo wake kabla ya kuipiga picha, hivyo tuliwasha jiko, hita, pasi na mashine ya kufulia kwa nusu saa. Kisha alifungua kifuniko cha kisanduku cha sakiti breka, jambo ambalo ana leseni ya kulifanya. Plastiki na bati la kifuniko hufunika joto lililo nyuma yake, na anayepiga picha kisanduku kikiwa kimefungwa anapiga picha ya kifuniko. Breka tatu zilizobeba mzigo unaokaribiana zilisoma nyuzi 31, 30 na 52. Alinisogeza nione kwamba kwenye ile ya 52 joto lilikuwa kali kabisa pale waya unapoingia kwenye skrubu, kisha likafifia kadiri waya unavyokwenda mbali. Waya mzima ungekuwa na joto sawa tangu mwanzo hadi mwisho, alisema, tungezungumzia mzigo kuzidi. Ukififia hivi, kiungo ndicho kibovu. Fundi umeme aliyeitwa baadaye alizungusha bisibisi karibu mzunguko mzima kabla skrubu haijakaza.

Taarifa yake ilikuwa na kurasa 14. Kila picha ya joto iliwekwa sambamba na picha ya kawaida ya mahali hapo hapo, na chini yake kukaandikwa joto la ndani na la nje, saa, hali ya upepo, kiwango cha utoaji miale kilichowekwa kwenye kamera na umbali. Mambo hayo yanaonekana kama urasimu mpaka siku muuzaji anapokana, ndipo mtu anapogundua kwamba picha isiyo na masharti yake haina uzito kuliko mchoro wa mtoto. Taarifa ya kwanza ilikuwa na picha saba za rangi nzuri sana, zisizo na kipimo pembeni, kila moja na neno "UNYEVU" kwa herufi kubwa.

Sina maana kwamba huyu wa pili hakuacha dosari. Hakuja na feni ya mlangoni, ile inayonyonya hewa ya nyumba hadi tofauti ya shinikizo la hewa ya paskali 50 kati ya ndani na nje, na bila feni hiyo mianya mingi ya hewa haijitokezi, kwa sababu hewa haina nguvu ya kupita siku isiyo na upepo. Alisema hivyo waziwazi ndani ya taarifa, lakini ningependa aseme kabla sijamlipa. Paa tambarare la gereji pia hakulikagua. Kiufundi alikuwa na haki, kwani paa la namna hiyo hukaguliwa baada ya machweo ya siku yenye jua, wakati sehemu zilizolowa zinaendelea kushikilia joto la mchana na kung'aa katikati ya sehemu kavu zilizokwisha kupoa, alfajiri haifai. Kulikagua kulihitaji ziara nyingine na malipo mengine. Na taarifa ilichelewa siku tano, muda mrefu kwa mtu anayesubiriwa kutia sahihi.

Wapo watakaojiuliza kwa nini wasinunue tu kamera ndogo ya kuchomeka kwenye simu. Niliazima moja, yenye pikseli 80 kwa 60, yaani 4,800 kwa jumla dhidi ya 76,800 za kamera ya mkaguzi. Baadhi ya kamera hizo huchanganya picha ya joto na mistari ya picha ya kawaida, kwa hiyo kingo za dirisha na soketi huonekana kali na mtu akadhani joto lenyewe limepimwa kwa ukali huo. Niliielekeza kwenye dari ile wakati maji yanatiririka. Doa niliona, kwa kuwa nilijua liko wapi; umbo lake, zile kingo zilizochanika, halikuonekana, na bila umbo nisingeweza kulitofautisha na boriti. Kwa kutafuta dirisha linalopitisha baridi inatosha kabisa. Kwa kubishana na muuzaji haitoshi. Nikiri pia kwamba nilijaribu kuyatazama maua ya bustani kupitia dirisha lililofungwa nikajiona mwenyewe tu, kwani kioo cha kawaida hakipitishi miale hii, ndiyo maana lenzi za kamera hizi hutengenezwa kwa elementi iitwayo germaniamu, jambo linalochangia bei yake kuwa juu.

Kuhusu madai mengine ya matangazo nitasema kwa ufupi. Kamera haioni kuvu; huona ubaridi unaoweza kuwa wa unyevu unaoweza kuwa na kuvu. Mchwa nao huonekana mara chache, wakiwa wengi na karibu na uso, na mkaguzi anayeahidi zaidi ya hapo anauza matumaini. Katika maeneo ya joto, ambako nyumba hupozwa badala ya kupashwa, kila kitu hubaki vile vile isipokuwa mwelekeo: kasoro za dari huonekana kama madoa ya joto yanayoshuka kutoka paani, na tofauti ile ya nyuzi 10 hupatikana kwa kiyoyozi.

Muuzaji alibadilisha mpira wa bafu na fundi umeme akakaza kiungo. Nilimwita tena mkaguzi wa pili, safari hii kwa ziara fupi, akafungua maji dakika 20 kama mwanzo, akasimamisha kamera mahali pale pale na upeo ule ule wa rangi. Dari ilibaki ya rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilikuwa tayari kumshukuru na kumsindikiza, lakini alipanda ngazi akachoma sindano kwenye boriti ya tatu, ikasoma 19, akaniomba nisiliruhusu tundu la taa lizibwe wala dari ipakwe rangi mpaka boriti hiyo isome sawa na jirani zake. Ilichukua wiki tatu.